Sura ya Nne: Maji Yanayoshuka Taratibu

Wageni wanaofika Mbinga kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: maporomoko yako wapi? Wameona milima ilivyosimama wima, wamelala usiku mmoja wakisikiliza mvua ikipiga bati, na wameshaamua kwamba mahali penye mlima mkali na mvua nyingi hapakosi maji ya kuruka kutoka juu ya mwamba. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi pia. Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akilima kwenye mteremko, mwezi Machi, na jibu lake ndilo lililozaa sura hii. Aliegemeza mkono kwenye mpini wa jembe, akanionyesha mashimo yaliyotanda ubavuni mwa mlima kama sega la nyuki.

"Mwanangu," akasema, "sisi hapa kazi yetu ni kuyazuia yasiporomoke."

Nilikuwa nimefika na orodha ya sehemu tano za kuona kabla jua halijazama. Siku hiyo niliitimiza orodha yote, na nilipolala sikukumbuka sura ya hata sehemu moja. Kilichobaki kichwani ni lile jibu. Tangu hapo ninapomsaidia mtu kupanga safari ya siku moja katika nchi hii ya Wamatengo na Wanyasa, ninamwomba aiweke kando orodha, afuate kitu kimoja tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Afuate maji. Aanzie yanapoangukia, juu mgongoni mwa mlima, amalizie yanapopumzika, katika Ziwa Nyasa. Njiani atakutana na kila kitu alichotaka kukiona, na atakiona kwa mpangilio wenye maana.

Mlima wenye mashimo

Mashimo yale huitwa ngolo. Yanavyotengenezwa ni jambo la kulitazama kwa utulivu, maana kila hatua ina sababu yake.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi zilizoota katika shamba lililopumzika. Nyasi zikikauka kidogo hulazwa chini kwa mistari, mingine ikikata mingine, hadi mteremko mzima ukawa na miraba, kila mraba ukiwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Hapo kazi huhamia mikononi mwa wanawake. Mwanamke huingia katikati ya mraba, huchimba udongo na kuufukia juu ya nyasi pande zote nne. Akimaliza, katikati pamebaki shimo na kuzunguka shimo pana matuta, na ndani ya matuta zimezikwa nyasi ambazo zitaoza na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage. Maharage yakishavunwa, shamba hungoja mvua mpya, na ifikapo Desemba mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Baada ya mahindi shamba hupumzishwa, magugu na nyasi huota tena, na mzunguko unaanza upya.

Sasa fikiria mvua kubwa imeshuka. Katika mteremko uliolimwa kwa matuta yanayoshuka kutoka juu kwenda chini, kila mfereji ni barabara ya maji, nayo hushuka kwa kasi yakibeba udongo. Katika ngolo tone la maji halipati barabara. Linadondoka ndani ya shimo na linakaa. Shimo likijaa, maji hupita juu ya tuta na kuingia katika shimo la chini yake, yakiacha udongo yaliyoubeba. Mlima mzima unakuwa mabakuli maelfu yanayopokezana maji polepole, na sehemu kubwa huzama ardhini, ikaja kutokea bondeni kama chemchemi wakati wa kiangazi.

Watu hawakubuni kazi ngumu namna hii kwa kupenda. Katika karne ya 19 Wangoni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 walifika sehemu za Songea, na mashambulizi yao yakawasukuma Wamatengo wajibane milimani, kwenye mapango na majabali, pengi pakiwa pagumu kwa adui kupanda. Watu wengi, ardhi kidogo, mteremko mkali: mkulima wa namna hiyo asingeweza kuhama kila shamba linapochoka. Ilibidi udongo ubaki pale alipo yeye. Ukoo ulishika mgongo mmoja wa mlima, kuanzia kileleni hadi kwenye vijito vya pande mbili, na sehemu hiyo waliiita ntambo. Kijito kilikuwa mpaka, kwa hiyo aliyeacha udongo wake ukimbie alikuwa akiutupa nje ya nchi yake mwenyewe.

Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni aitwaye A. H. Pike aliandika kuhusu kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akieleza jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Inafaa kulikumbuka hilo tukitazama kilichotokea baadaye katika milima ya Uluguru. Kule serikali hiyohiyo ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo mzuri wa juu ni mwembamba katika milima ile. Ngazi zilipochimbwa, udongo usiozaa ukaja juu, mazao yakadhoofu, na mwaka 1955 wananchi wakaandamana hadi damu ikamwagika. Mlima wa Mbinga ulikuwa tayari na mafundi wake. Hakuna aliyewaamuru.

Bonde la Ourika

Tamaa ya kwenda na kurudi siku moja kutazama maji ya mlimani iko duniani kote. Nchini Moroko watu hutoka Marrakesh asubuhi, wakaingia katika bonde la Ourika katika milima ya Atlas, wakapita vijiji vya Waberber vyenye nyumba za udongo, hadi Setti Fatma, ambako maporomoko yanafuatana juu ya miamba. Wenyeji huweka viti karibu kabisa na mto, na mgeni hunywa chai miguu yake ikiwa majini. Ni safari nzuri, na naelewa wanaoipenda.

Lakini mwezi Agosti 1995 mvua ya ghafla ilinyesha juu ya milima ile mikavu. Maji hayakuwa na pa kusubiri. Yalishuka bondeni kama ukuta, yakakuta familia zimekaa kandokando ya mto katika siku ya joto, na watu zaidi ya mia wakafa. Ninalitaja kwa heshima ya waliopotea, na kwa sababu linatuonyesha sura ya pili ya jambo tunalolifuata. Maporomoko ni maji yaliyokosa pa kukaa. Ukisimama Mbinga mbele ya mlima uliochimbwa ngolo, unatazama watu waliojenga pa kukaa, shimo moja baada ya jingine, kwa jembe la mkono.

Kupanga siku

Mbinga iko kama kilomita 100 magharibi ya Songea, barabara ya lami, ikipita Kigonsera, mahali penye misheni ya zamani na seminari aliyosoma Rais Benjamin Mkapa. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni kilomita 67, nazo sasa ni lami. Zamani kipande hicho kingeweza kula siku nzima, na wakati wa masika kikala hadi siku ya pili. Lami ndiyo iliyofanya safari ya siku moja iwezekane. Lakini lami hiyohiyo ndiyo inayomshawishi mgeni apite mlima kwa kasi bila kushuka garini. Usikubali. Gawa siku katika sehemu mbili, nusu ya mlima na nusu ya ziwa, na kila nusu uipe kituo kimoja au viwili.

Chagua mwezi kwanza. Machi utakuta ngolo zinachimbwa na mikono ya watu iko kazini, lakini barabara za vijijini zina utelezi na bodaboda itabidi uishuke uisukume. Kuanzia Juni kahawa inaiva, nchi ni kavu, na baridi ya Mbinga inataka sweta na koti. Ukifika ziwani mchana huohuo utavua vyote. Desemba mahindi yanapandwa. Ukienda Agosti au Septemba ukakuta mashimo makavu yaliyojaa majani, usiseme hakuna kitu. Umekuta shamba limelala.

Chagua na siku. Jumapili wenyeji wengi wako kanisani, na shambani hutamkuta mtu. Ukitaka kuona kazi, nenda siku ya kazi. Ukitaka kusikia kwaya, nenda Jumapili, ukubali kwamba siku hiyo ni ya kwaya.

Ondoka Mbinga mjini saa kumi na mbili asubuhi, umeshakunywa chai. Ingia kijiji kimoja cha milimani, Kindimba au Litembo au Maguu kwa mfano, na kituo chako cha kwanza kiwe ofisi ya kijiji. Msalimu mtendaji, eleza ulichokuja kutazama, andika jina lako katika kitabu cha wageni, omba mtu wa kukuongoza na mpatane ahsante yake mapema. Huo si urasimu wa kukukwaza. Shamba la ngolo ni kazi ya mtu, na mashimo yale yana matuta yanayovunjika yakikanyagwa ovyo. Mwenyeji atakuonyesha pa kuweka mguu. Ukikutana na mzee njiani, shikamoo itangulie kabla ya swali lolote, na kamera ibaki mfukoni hadi uruhusiwe. Ukipewa jembe ujaribu, jaribu. Shimo moja tu litakufundisha zaidi ya picha mia, na mgongo utakukumbusha kesho yake.

Kuzunguka nyumba utaona kahawa chini ya migomba. Kahawa ya Mbinga ni Arabika, nayo ilianza kupandwa huku katika miaka ya 1920. Leo kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kiko Ugano, humuhumu wilayani. Nyumba za matofali, ada za shule, pikipiki zilizoegeshwa uani, nyingi zimetoka katika punje hizo. Uliza pia kuhusu magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko wodini. Ukiyasikia hayo kutoka kwa mwenye mti, kikombe chako cha kahawa hakitakuwa na ladha ileile, na ndivyo inavyopaswa.

Kisha shuka bondeni hadi kwenye kijito. Hapa ndipo utapata maji yako ya kuruka: si makubwa ya kuandikwa kwenye ramani, ni ya urefu wa mtu au watu wawili, yakidondoka juu ya jiwe jeusi katikati ya migomba na miti, baridi kiasi cha kuuma vidole. Wenyeji wameyapa kazi. Kindimba, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Wajapani, wanakijiji walijenga mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa maji. Kilichonigusa katika habari ya mashine hiyo ni kilichofuata. Mashine ikisimama kwa kukosa maji, akina mama wanarudi kubeba magunia kwenda kusaga mbali, kwa hiyo wanakijiji walianza kupanda miti kwenye vyanzo vya maji na kuvilinda. Unga uliwafikisha mahali ambapo hotuba nyingi za mazingira hazikuwafikisha.

Kama una muda wa ziada upande huu wa mlima, uliza habari za jiwe la Mbuji, mwamba mmoja mkubwa ajabu ambao wenyeji wana simulizi zake na miiko yake. Zisikilize kabla ya kulipanda. Na ukiwa msomaji, tafuta Matengo Folktales, kitabu cha mwaka 1999 cha Profesa Joseph Mbele, mwana wa milima hii aliyekusanya hadithi za kwao na kuziandika ili zisipotee.

Kushuka ziwani

Saa tano uwe barabarani. Ukivuka mgongo wa mwisho wa milima, hewa inabadilika kabla ya macho kuona chochote. Sweta inakuwa mzigo, miembe inaonekana, halafu kwenye kona moja ziwa linajitandaza lote kwa mara moja. Mbinga mjini iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Maji uliyoyaacha kwenye mashimo asubuhi yana mteremko huo wote wa kushuka.

Siyo yote yanayokuja huku. Mvua inayoangukia upande wa mashariki wa milima hii huingia mto Ruvuma na kutokea Bahari ya Hindi karibu na Mtwara. Inayoangukia magharibi, na ile inayoingia mto Ruhuhu upande wa kaskazini, huja Ziwa Nyasa, ikatoka kusini kwa mto Shire, ikajiunga na Zambezi, ikafika bahari ileile kupitia Msumbiji. Matone mawili yaliyoangukia shamba la mtu mmoja yanaweza kuachana kileleni na kukutana baharini.

Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, ni mahali pa kula mchana. Agiza ugali wa muhogo na samaki wa siku hiyo. Ukipata mbasa, shukuru. Utawaona usipa, dagaa wa ziwa hili, wameanikwa wakimeta juani, na wavuvi wa usiku wamelala kivulini mwa mitumbwi yao. Ziwa lina kina kinachozidi mita 700, na samaki wake, hasa wale wadogo wenye rangi wanaokaa miambani, ni wa aina nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Wengi hawapatikani penginepo. Kabla ya kuoga, uliza wenyeji. Wanajua palipo na mamba, karibu na midomo ya mito, na wanajua maji yaliyotuama yenye majani ambako kichocho hukaa. Ufukwe wa mchanga ulio wazi, wenye mawimbi, una hatari ndogo zaidi, ingawa hatari haiishi kabisa.

Liuli iko mbele zaidi, kaskazini, nayo nakushauri uitengee siku yake. Wajerumani waliita bandari ile Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe la Pomonda, lililokaa majini mfano wa sanamu ya Misri, ambalo wenyeji waliwahi kulifanya maficho dhidi ya Wangoni. Hapo ndipo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa; nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Na hapo ndipo alipofia, mwaka 1928, William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyetumia zaidi ya miaka 40 akizunguka vijiji vya ziwa hili. Mambo ya uzito huo hayastahili nusu saa ya mwisho ya siku ya mtu aliyechoka.

Saa kumi alasiri anza kupanda kurudi. Ukungu wa jioni huteremka juu ya kona za mlima bila kubisha hodi, na malori hayapungui.

Rangi ya maji

Bado kituo kimoja, na hakina gharama. Yule bibi wa Machi aliniambia nikishuka ziwani nisimame kwenye kila daraja nitazame rangi ya maji. Nilisimama. Katika daraja la kwanza, baada ya mvua ya usiku kucha, kijito kilichotoka upande wa kijiji chake kilikuwa cheupe, mawe ya chini yakionekana. Mwendo mfupi mbele, kijito cha pili kilikuwa chekundu kama chai ya maziwa iliyoungua. Nilipofika ziwani nikaona ule wekundu umeingia majini na kukaa, mkuki mrefu wa udongo ndani ya buluu.

Ngolo zinapungua, na sababu zake si uvivu. Kazi ni nzito na sehemu kubwa iko migongoni mwa wanawake. Vijana wengine wamehamia tambarare za mashariki ambako ardhi ni pana. Wengine wameweka nguvu zao kwenye kahawa, au wanalima kwa matuta ya haraka na mbolea ya dukani. Sina haki ya kumwambia mtu achimbe mlima kwa jembe ili mimi nipate cha kutazama. Ninayo haki ya kusema nilichokiona kwenye madaraja mawili.

Desemba nilirudi kwa yule bibi. Alikuwa anapanda mahindi juu ya matuta niliyoyaona yakifukiwa Machi, akichomeka mbegu na kuzifunika kwa kisigino. Aliitikia shikamoo yangu, akauliza kama nilitazama.

"Nilitazama, bibi. Kijito chenu kilikuwa cheupe."

"Na cha pili?"

Nilinyamaza. Alitupa macho kwenye mteremko wa ng'ambo, uliolimwa kuanzia juu hadi chini kwa mistari iliyonyooka, kisha akanipa kibakuli cha mbegu, akanionyesha tuta la kuanzia.